Tununue Muziki, Tusinunue Tarakimu

Kwa muda wa miaka kadhaa sasa makampuni makubwa ya nchi za nje yanayouza muziki kwa njia ya mtandao yamekuwa yakitangaza bidhaa ambayo yameipa jina la kuvutia: muziki wa ubora wa juu. Amazon ilianza kuuza muziki wa namna hiyo mwezi Septemba 2019. Apple ikafuata mwezi Juni 2021. Spotify nayo, tarehe 22 Februari 2021, ilitoa ahadi mbili kwa siku moja: kwamba inapeleka huduma yake katika nchi nyingine zaidi ya 80, Tanzania ikiwamo, na kwamba italeta sauti yenye ubora wa sahani ya CD. Ahadi ya kwanza ilitimizwa mara moja. Ya pili iliwaweka wateja wakingoja zaidi ya miaka minne, hadi Septemba 2025.

Hivyo kijana wa Kyela mwenye simu janja, awe Ipinda, Matema au mpakani Kasumulu, huweza leo kuukuta ndani ya simu yake uchaguzi ambao baba yake hakuupata kamwe. Anaulizwa: unataka sauti ya kawaida, sauti nzuri, au sauti ya ubora wa juu kabisa? Ni nani atakayesema kwamba hataki kilicho bora? Lakini kabla ya kubonyeza kitufe hicho yafaa tujiulize swali moja la msingi: je, muziki huo unasikika vizuri zaidi kweli, au tunauziwa tarakimu kubwa tukadhani tumenunua muziki?

Wapo watakaosema kwamba hili ni swali la watu wa mijini wenye kutafuta anasa. Sivyo hata kidogo. Bando la simu haliokotwi ufukweni. Katika wilaya ya Kyela bando hununuliwa kwa fedha ya mpunga, ya kokoa na ya usipa waliovuliwa usiku ziwani. Kila megabaiti inayotumika bure ni jasho la mtu limemwagika bure. Kwa hiyo swali la kama sikio linafaidi au halifaidi ni swali la matumizi ya mapato ya mkulima na mvuvi, na linastahili kujibiwa kwa makini sawa na tunavyojibu maswali ya mbolea na mbegu.

Msimamo wa makala haya ni huu: kwa msikilizaji, faida ya muziki wa ubora wa juu kupita kipimo cha CD ni ndogo mno, na kwa watu walio wengi haipo kabisa. Ubora wa kweli unatafutwa kwingine, na ndiko tunakopaswa kuelekeza fedha na juhudi zetu.

TARAKIMU HIZO NI NINI?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mpigaji wa ing'oma anapoipiga ngozi, hewa hutikisika na mtikisiko huo husafiri mpaka masikioni mwetu. Mashine ya kisasa ya kunasa sauti huupima mtikisiko huo mara nyingi sana kwa kila sekunde, na kila kipimo ikakiandika kwa tarakimu. Sahani ya CD, ambayo kanuni zake ziliwekwa na makampuni ya Philips na Sony mwaka 1980, na ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani katika ngazi 65,536 za nguvu ya sauti. Muziki unaoitwa wa ubora wa juu hutumia vipimo 96,000 au hata 192,000 kwa sekunde, na kila kimoja huandikwa kwa biti 24, yaani katika ngazi zaidi ya milioni 16.

Mtu akizitazama tarakimu hizo atasema bila kusita kwamba 192,000 ni bora kuliko 44,100, kama vile magunia kumi yalivyo bora kuliko mawili. Aghalabu wauzaji hulinganisha jambo hili na picha: kadiri nukta zinavyokuwa nyingi ndivyo picha inavyokuwa safi. Lakini sauti haifuati kanuni hiyo. Wataalamu Harry Nyquist, mwaka 1928, na Claude Shannon, mwaka 1949, walionyesha kwa hisabati kwamba iwapo vipimo vinachukuliwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa uliomo ndani ya sauti, basi vipimo hivyo vinatosha kuurudisha mtikisiko wote kama ulivyokuwa. Haurudi kwa kukisia, wala haurudi ukiwa na mapengo. Unarudi mzima.

Sasa sikio la binadamu husikia nini? Kijana mwenye afya husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Kadiri umri unavyosonga ndivyo uwezo huo wa juu unavyopungua, na wengi waliopita miaka 50 hawasikii tena mitikisiko ya 15,000. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Maana yake ni kwamba kipimo cha CD tayari kinakusanya kila kitu ambacho sikio la mwanadamu laweza kukipokea, na kubakiza kidogo. Kinachoongezwa na vipimo 192,000 ni mitikisiko ambayo popo huisikia, lakini mwenye kununua bando haisikii.

Na zile biti 24 je? Biti huamua umbali uliopo kati ya sauti ndogo kabisa na sauti kubwa kabisa inayoweza kuandikwa. Biti 16 hutoa umbali wa desibeli 96 hivi. Chumba kilichotulia sana, usiku, kina kelele ya desibeli 30 hivi. Ili msikilizaji aipate ngazi ya chini kabisa ya biti 16 ikiwa juu ya kelele ya chumba chake, itambidi aupandishe muziki kufikia kiwango cha kuumiza masikio. Hiyo ni katika chumba kilichotulia. Anayeijua mvua ya Kyela inavyopiga juu ya paa la bati hahitaji desibeli wala hisabati kuambiwa kwamba biti 24 hazina kazi pale.

CHUNGU KISICHO NA JINA

Lakini hisabati peke yake haitoshi kumridhisha mwananchi. Wapo wanaoapa kwamba wameisikia tofauti kwa masikio yao wenyewe, nao si waongo. Dawa ya ubishi wa namna hii ni jaribio la haki, na watu wa Kyela wanajua zaidi ya wengine kwa nini jaribio la haki linahitajika.

Mchele wa Kyela una sifa nchi nzima kwa harufu na ladha yake. Kwa sababu ya sifa hiyo, mchele uliolimwa mbali kabisa na Kyela umekuwa ukiuzwa sokoni kwa jina la Kyela, na mnunuzi akishalisoma jina huanza kuisikia harufu hata kabla ya kuwasha moto. Jina limemlisha kabla ya chakula. Njia ya kuujua ukweli ni moja tu: pika vyungu viwili, usiandike jina juu ya chochote, kisha wape watu waonje bila kujua kilichomo. Akiweza kutambua mara nyingi kuliko bahati nasibu, basi tofauti ipo. Akishindwa, tofauti ilikuwa kwenye gunia. Mama anayenunua chungu cha Wakisi pale Matema hafuati maneno ya muuzaji; hukigonga kwa kidole akasikiliza mlio. Sikio ni hakimu mzuri pindi jina likiondolewa mezani.

Jaribio la namna hiyo limefanyika kwa muziki. Nchini Marekani, Brad Meyer na David Moran walitangaza matokeo yao mwaka 2007 katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti. Waliwachezea wasikilizaji sahani za ubora wa juu, na muziki ule ule ukiwa umepunguzwa kufikia kipimo cha CD, bila wasikilizaji kujua ni upi. Majaribio yalikuwa 554, na majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni chini kidogo ya nusu, yaani sawasawa na mtu anayerusha sarafu juu na kukisia.

Haki inatutaka tueleze na upande wa pili. Jaribio hilo limekosolewa kwamba baadhi ya sahani zilizotumika huenda hazikuwa na muziki wa ubora wa juu tangu mwanzo. Mwaka 2016 Joshua Reiss, wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, aliyakusanya majaribio ya tafiti 18, jumla yake yakiwa zaidi ya 12,500, akayachambua kwa pamoja. Aliona kwamba kwa wastani wasikilizaji walipata asilimia 52.3, yaani walizidi bahati nasibu kwa kiasi kidogo sana, na kwamba waliofunzwa mahususi walikaribia asilimia 60. Kwa hiyo hatuna haki ya kusema kwamba tofauti haipo katu. Tuna haki ya kusema kwamba mtu aliyefunzwa, akiwa katika chumba maalumu na vyombo vya gharama kubwa, akiwa hafanyi kazi nyingine ila kuitafuta tofauti hiyo, bado hukosea mara nne katika kila kumi. Tofauti ya jinsi hiyo si ya kumtoza fedha mtu anayesikiliza muziki huku akipura mpunga.

Zaidi ya hayo, yapo mambo mawili yanayowadanganya watu wakweli. La kwanza ni ukubwa wa sauti. Wimbo ule ule ukipigwa kwa nguvu kidogo zaidi, sikio huuona kuwa ni bora zaidi, hata kama msikilizaji hatambui kwamba umeongezwa nguvu. Ndiyo maana jaribio lolote ambalo halikusawazisha nguvu ya sauti halina thamani. La pili ni matarajio: aliyekwisha kulipa hupenda kuamini kwamba alilipa kwa busara.

Kampuni ya Apple yenyewe, katika maelezo yake kwa wateja, ilikiri kwamba tofauti kati ya muziki wake wa kawaida uliobanwa na ule usiobanwa kwa kupoteza karibu haiwezekani kutambulika. Na bei zimeanza kusema ukweli ambao matangazo hayakuusema. Apple haikuongeza malipo yoyote kwa huduma hiyo mwaka 2021. Kampuni ya Tidal, iliyokuwa ikiwatoza wapenzi wa ubora wa juu dola 19.99 kwa mwezi nchini Marekani, mwezi Aprili 2024 ilishusha bei hadi dola 10.99. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; na hiki kimetembezwa sana.

HESABU YA BANDO

Ikiwa makampuni hayaongezi bei, basi hasara iko wapi? Hasara iko katika bando. Saa moja ya muziki uliobanwa kwa kasi ya kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144. Saa hiyo hiyo kwa kipimo kamili cha CD ni megabaiti 635. Kwa vipimo 192,000 na biti 24 ni zaidi ya gigabaiti 4. Ni kweli kwamba makampuni hutumia njia za kuubana mzigo huo bila kupoteza kitu, na hivyo hupungua kwa theluthi moja au kufikia karibu nusu. Lakini hata ukipungua, saa moja bado hula gigabaiti mbili na zaidi.

Mtu anayesikiliza saa moja kila siku kwa kilobiti 320 atatumia gigabaiti 4 na ushei kwa mwezi. Akichagua ubora wa juu kabisa atatumia si chini ya gigabaiti 60. Kila msomaji anaijua bei ya bando anayonunua, na aipige hesabu hiyo mwenyewe. Ajiulize ni kilo ngapi za kokoa zinazolipa tofauti hiyo, na sikio lake limepokea nini badala yake.

Kuna na kichekesho ndani ya jambo hili. Wengi wanaochagua ubora wa juu huunganisha simu na sabufa kwa njia ya Bluetooth. Njia hiyo, kwa kawaida yake, haiwezi kubeba mzigo wote huo. Huubana muziki upya kabla ya kuurusha, na mbano ulioenea kuliko yote hubeba kilobiti 328 hivi kwa sekunde. Mwananchi huyo amelipia lori zima, kisha mzigo umevushwa mto kwa baiskeli.

PALIPO NA TOFAUTI YA KWELI

Tusije tukaeleweka kwamba ubora wa sauti hauna maana, au kwamba mtu wa kijijini aridhike na chochote. La hasha. Tofauti kubwa zipo, tena husikika na kila mtu bila ya vyombo vya gharama. Lakini haziko pale zinapotangazwa.

Tofauti ya kwanza iko katika nyimbo zilizobanwa kupita kiasi. Katika vibanda vya kurushia nyimbo, mtu hulipa kidogo akawekewa nyimbo nyingi kwenye flashi au kadi ya memori. Nyingi ya nyimbo hizo zimepita mikono mingi: zimebanwa, zikarushwa, zikabanwa tena, mpaka zimebaki na kilobiti 64 au 96 kwa sekunde. Ufundi wa kubana sauti, ambao kanuni zake za MP3 zilitoka mwaka 1993 baada ya kazi kubwa ya watafiti wa Kijerumani, hutegemea kuondoa sauti ambazo sikio halizitambui kwa kuwa zimefunikwa na nyingine. Ukibana kwa kiasi, hapana kinachopotea masikioni. Ukibana kupindukia, matoazi huanza kulia kama maji yanayochemka.

Ngoma za mwambao wa Ziwa Nyasa huumia zaidi kuliko nyingine. Malipenga, ngoma ya mwambao huu iliyoziiga bendi za askari katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, huimbwa kwa vibuyu vilivyozibwa kwa utando mwembamba, na utando huo ndio unaotia ule mvumo wa kukwaruza ambao ni roho ya ngoma yenyewe. Mvumo huo uko katika mitikisiko ya juu, na ndio wa kwanza kuuawa na mbano mkali. Kijana aliyeyasikia malipenga kwa kilobiti 64 tu hajayasikia malipenga. Hapa ndipo bando kidogo la ziada linapostahili: kutoka 64 hadi 256 au 320 ni hatua ambayo sikio huilipa. Kutoka 320 kwenda 9,000 ni hatua ambayo sikio haiijui.

Tofauti ya pili iko katika spika. Spika dhaifu, au sabufa iliyofunguliwa besi mpaka maneno ya mwimbaji hayasikiki, haiponywi na tarakimu yoyote. Tofauti ya tatu iko katika tabia ya mafundi wa studio kuupandisha muziki wote uwe na kelele moja tangu mwanzo hadi mwisho, ili wimbo wao usizidiwe na wa mwingine redioni. Wimbo wa namna hiyo hauna mlima wala bonde, na huchosha upesi. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Wale watafiti wa mwaka 2007 walibainisha jambo hili hili: sahani nyingi za ubora wa juu zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida, si kwa sababu ya tarakimu, bali kwa sababu mafundi wake walizitengeneza kwa uangalifu zaidi.

Tofauti ya nne, na ndiyo kubwa kuliko zote, iko katika chanzo. Mkulima wa kokoa anajua kwamba ladha ya kokoa hufanyika katika kuchachusha na kukausha. Kokoa iliyoharibiwa hapo haiponi kwa kutiwa katika gunia jipya ghalani. Sauti ni hivyo hivyo. Ambacho maikrofoni haikukipata siku ya kurekodi, hakuna kampuni itakayokirudisha.

Chukueni mfano wa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, ambazo bado zinapendwa kote nchini. Zilinaswa kwenye mikanda ya sumaku ya wakati ule, na mikanda hiyo, kwa kelele zake za asili, haikuweza kufikia hata ule umbali wa desibeli 96 wa biti 16. Kwa hiyo kipimo cha CD tayari ni debe kubwa kuliko maji yaliyomo. Anayetuuzia nyimbo hizo kwa vipimo 192,000 na biti 24 ametuletea maji yale yale ndani ya pipa. Na mbona watu huwa wanalia wakizisikiliza? Wanalia kwa sababu ya gitaa, sauti na maneno, si kwa sababu ya pipa.

MAHALI PA TARAKIMU KUBWA

Je, tarakimu kubwa hazina kazi yoyote duniani? Zinayo, tena kazi muhimu sana, na hilo ndilo jambo ambalo matangazo ya biashara hayatwambii. Mahali pake ni katika kunasa na katika kuhifadhi.

Fundi anayerekodi ing'oma uwanjani hajui ni lini mpigaji atashikwa na mori akaipiga ngozi kwa nguvu maradufu. Biti 24 humpa nafasi ya kuiweka mashine chini kidogo, ili pigo hilo lisipasue sauti, na bado asipoteze mlio mdogo wa kengele za miguuni. Vile vile anayehamisha kanda ya zamani kwenda katika tarakimu huhitaji vipimo vingi, kwa sababu fundi wa baadaye atataka kuondoa mikwaruzo na kelele, na kadiri anavyokuwa na vipimo vingi ndivyo anavyoweza kuzitenga kelele na muziki. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza kanda za zamani zihamishwe kwa biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, na visipungue 48,000 kwa vyovyote. Msikilizaji hahitaji kiasi hicho. Anayetunza mali ya taifa kwa ajili ya wajukuu anakihitaji.

Na historia inatufundisha kwamba hata kunasa vibaya ni bora kuliko kutonasa kabisa. Mjerumani Karl Weule, katika safari yake ya kusini mwa nchi yetu mwaka 1906, alinasa nyimbo za wenyeji kwa mashine iliyochonga sauti juu ya nta. Kwa ubora, sauti ya nta haifiki hata robo ya simu ya bei ndogo. Lakini leo kumbukumbu za namna hiyo hazina thamani inayohesabika kwa fedha, kwa sababu waimbaji wake hawapo tena. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa ngoma na nyimbo, na hifadhi aliyoianzisha mwaka 1954 iko Afrika ya Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Mtanzania anayetaka kuusikia muziki wa mababu zake wa wakati huo huwa analazimika kutazama nje ya mipaka.

Hapa nyumbani, Redio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi ya kishujaa kwa miongo mingi. Iliwarekodi wanamuziki wa bendi, wa taarabu, wa kwaya na wa ngoma za mikoani, na mikanda yake ni urithi wa Taifa ulio mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Lakini mkanda wa sumaku hauishi milele. Unyevu huuotesha ukungu, joto huuchosha, na mashine za kuuchezea zinakwisha. Kila mwaka unaopita bila mkanda kuhamishwa unaondoka na sehemu ya sauti, na sehemu hiyo hairudi. Hapo ndipo vipimo 96,000 vinapohitajika, wala si katika simu ya mpita njia.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila msikilizaji afungue mipangilio ya simu yake aone amechagua nini. Kwa matumizi ya kila siku kilobiti 256 au 320 kwa sekunde zatosha kabisa, na mwenye mtandao wa bure au wa bei ndogo aweza kupanda hadi kipimo cha CD kwa utulivu wa moyo wake. Zaidi ya hapo atambue kwamba ananunua tarakimu. Fedha itakayobaki aiweke akiba ya spika nzuri, ambayo ataisikia siku hiyo hiyo.

Pili, wenye vibanda vya kurushia nyimbo waache kuuza makapi. Wimbo uliobanwa mara tatu si wimbo kamili, na mteja ana haki ya kuelezwa anachokinunua kama vile mnunuzi wa mchele alivyo na haki ya kujua umelimwa wapi. Pamoja na hayo wakumbuke kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii, na kwamba msanii asiyelipwa hawezi kurekodi vizuri.

Tatu, na hili ndilo kubwa, maafisa utamaduni, walimu na vijana wa wilaya ya Kyela waanze kunasa muziki wa mwambao wakati wazee wake wangali hai. Kinasa sauti kidogo cha mkononi chaweza leo kurekodi kwa biti 24 na vipimo 96,000, kazi ambayo zamani ilihitaji gari zima la mitambo. Kwa kiwango hicho, kadi moja ya gigabaiti 64 hubeba saa 30 za ngoma. Zinaswe ing'oma, malipenga, nyimbo za kuvuta nyavu na nyimbo za kuvuna mpunga. Yaandikwe majina ya wapigaji, kijiji na tarehe. Iombwe idhini yao. Na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, kwa maana kadi moja yaweza kufa kama mkanda ulivyokufa.

Katika nchi nyingi watu wanagombana kama sikio lao linaweza kuusikia mtikisiko wa 30,000 wa wimbo uliorekodiwa vizuri, ambao nakala zake ni maelfu. Sisi tunazo nyimbo ambazo hazina nakala hata moja, na zinapigwa na watu ambao umri wao umekwenda. Tukiwa na gigabaiti 60 za kutumia kwa mwezi, hatuna haja ya kuzitumia kumpa popo burudani. Zinatosha kuhifadhi karibu saa 30 za sauti ya wazee wetu, na sauti hizo hakuna kampuni duniani itakayotuuzia zikishapotea.